Miaka miwili ya waraka, miaka miwili ya kunyonyesha

Ikitajwa nyumba ya kuwahifadhi mabinti waliozaa wangali wadogo na kuwafundisha ufundi, hukosi kusikia lawama mbili zinazogombana zenyewe kwa zenyewe. Mmoja atasema mnawazawadia: binti aliyetulia darasani hapewi kitu, aliyezaa anapewa kitanda, chakula na cherehani. Mwingine atasema mnawapunja: wenzao wanasoma fizikia, wao wanafundishwa kupinda suruali. Lawama ya pili ina uzito na nitairudia. Ya kwanza husemwa na mtu ambaye hajapiga hesabu ya siku moja tu ya binti huyo.

Kwa utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2022, asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kushika mimba. Zaidi ya mmoja kati ya watano. Wapo walioolewa katika hao, na wapo waliokuwa wameacha shule hata kabla ya mimba. Lakini mjadala wetu karibu wote umekuwa wa mlango wa shule: ulifungwa kwa kauli ya Rais Magufuli ya 2017 kwamba aliyezaa asirudi shule, ukafunguliwa kwa tangazo la serikali la Novemba 2021, na utaratibu uliofuata, wa waraka wa elimu, ukampa binti miaka miwili ya kurejea. Tukapiga makofi, na tulistahili kupiga.

Sasa itazame hiyo miaka miwili. Ushauri wa kliniki, uleule wa Shirika la Afya Duniani, ni kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine mpaka atimize miaka miwili au zaidi. Yaani muda tuliompa mama kurudi darasani ndio muda tunaomwambia asimwachishe mtoto ziwa. Afisa elimu anahesabu miezi ileile anayoihesabu muuguzi, na anayetakiwa kuwatii wote wawili ni binti wa miaka kumi na sita.

Mama mwenye ajira tumemfikiria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na akirudi kazini mwajiri anatakiwa kumruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Mwanafunzi anayetoka nyumbani alfajiri akarejea jioni, shule ikiwa kilomita kadhaa, hana chochote kinachofanana na hicho. Tunamwambia arudi, hatumwambii mtoto abaki na nani. Jibu la haraka huwa bibi yake. Lakini bibi wa siku hizi ni mwanamke wa miaka arobaini mwenye meza ya nyanya sokoni au sufuria za mama lishe stendi, na akikaa nyumbani kulea mjukuu, nyumba nzima inalala njaa. Kwa hiyo binti anabaki, anauza karanga na mtoto mgongoni, miaka miwili inapita na mlango unajifunga bila mtu yeyote kuusukuma.

Ndiyo maana siwezi kukiona kitanda na malezi ya mchana kuwa zawadi. Ni masharti ya kuanza. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, vile 54 vilivyoanza enzi za Mwalimu, vimetuonyesha namna. Katika vyuo vilivyoongezewa sehemu ya kulelea watoto, binti anakaa darasani wakati mtoto yuko uani hapohapo. Wakati wa mapumziko anatoka, ananyonyesha, anarudi. Wapo wanaosoma masomo ya sekondari na ufundi kwa pamoja, na hiyo inampunguzia makali yule anayelalamikia kupunjwa.

Inampunguzia, haimnyamazishi. Vituo vingi vinafundisha ushonaji, upishi na ususi kwa sababu mashine zake ni nafuu na picha ya siku ya mahafali inapendeza, cherehani zimepangwa na mgeni rasmi anakata utepe. Nenda mtaa wowote uhesabu mafundi cherehani wanaosubiri msimu wa sare za Januari, na hapo hujaitaja mitumba. Binti anayefundishwa umeme wa majumbani, uchomeleaji au kutengeneza madirisha ya alumini ana wateja ambao fundi wa kumi na moja wa magauni hana. Wanaosema wazazi hawatakubali wawaulize kwanza hao wazazi.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni ya gharama na ya familia. Kumlaza binti mmoja na mwanawe kwa mwaka kunakula fedha ambazo zingewasaidia kadhaa wanaoishi kwao. Tena ukimwondoa nyumbani, ukoo unapumua na aliyempa mimba anasahaulika, ilhali Sheria ya Mtoto ya 2009 inairuhusu mahakama kumwamuru baba atoe matunzo. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Mwenye kwao panapokalika akae kwao, apewe nauli na mahali pa kumwacha mtoto mchana. Kitanda kiwe cha aliyefukuzwa, au cha yule ambaye mimba yenyewe ilipatikana humohumo ndani ya nyumba. Huyo ukimwambia arudi kwa familia unamrudisha kwa nani? Na kituo kinachompokea kimfikishe pia ofisi ya ustawi wa jamii, suala la matunzo lisiishie getini.

Kuna pengo jingine ambalo silisikii likitajwa. Mikopo isiyo na riba ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, kwa kawaida hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa vya watu waliofikisha miaka 18. Aliyezaa akiwa na miaka kumi na tano akamaliza kozi akiwa na kumi na saba anatoka na cheti, hana kikundi, hana dhamana, na mwaka mzima mbele yake hakuna dirisha la halmashauri linaloweza kumhudumia. Vituo viulizwe wahitimu wao wanaishije mwaka huo, na wafadhili waweke fungu lake kwenye bajeti kabla ya kununua cherehani nyingine.