Ufagio Mlangoni pa Lacock

Agosti 1835, William Henry Fox Talbot, mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, alitega kamera ndogo ya mbao mbele ya dirisha la jumba lake, Lacock Abbey, huko Wiltshire, Uingereza. Mkewe Constance aliziita kamera hizo mitego ya panya. Picha iliyonaswa ni ndogo kama stempu, na pembeni Talbot aliandika kwamba vioo vya dirisha, kama 200 hivi, vingeweza kuhesabika kwa lenzi. Ndiyo negativu, yaani picha ambayo mwanga na giza vimebadilishana nafasi, kongwe zaidi tuliyo nayo.

Wapo wanaoziona picha za majumba ya namna hii kuwa shahidi asiye na mbadala, nami nawaelewa. Kule Wales, John Dillwyn Llewelyn, aliyeoa binamu wa Talbot, alipiga picha bonde lake la Penllergare miaka ya 1850: ziwa, maporomoko, miti. Jumba lake la huko lilibomolewa mwaka 1961. Bila picha zile, sura ya mahali hapo ingebaki kwenye masimulizi tu.

Wengine wanauliza: shahidi wa nani? Kamera, muda na ardhi vyote vilikuwa mikononi mwa wenye majumba. Mpiga picha Roger Fenton alipopiga picha Harewood House, jumba la ukoo wa Lascelles, mnamo 1860, alituachia matuta ya bustani yaliyopangwa kwa ustadi. Hakuna popote panapoonekana kwamba utajiri wa ukoo huo ulitokana na sukari na watumwa wa visiwa vya Karibi.

Hata watumishi wa majumba haya ni nadra kuonekana pichani, na huwa tunaambiwa ni kwa sababu kamera za wakati ule zilikuwa za polepole mno kunasa mwendo. Hoja hii ina ukweli, lakini hainitoshi. Katika kitabu chake cha picha 24, kilichotoka kwa sehemu kuanzia 1844 hadi 1846, Talbot mwenyewe aliwapanga wanaume watatu penye ngazi, wakatulia, wakatoka vizuri. Alipotaka watu, aliwapata.

Ndani ya kitabu hichohicho kuna mlango wa banda ulio wazi. Ufagio wa vijiti umeegemezwa kizingitini, kandili na hatamu zimetundikwa ukutani. Toleo la awali la picha hiyo mama yake Talbot alilipa jina la ufagio unaojisemea peke yake. Ndiyo maana nataka picha hizi zitunzwe na zionyeshwe, ila maelezo chini yake yaanze na mfagiaji: alifagia nini pale, na kwa ujira gani.