Tukimwomba Maria kwa ajili ya nchi, tumwambie kinachokosekana

Katika kila jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki niliyowahi kusali nayo hapa Kigoma kuna nia moja isiyokosa kutajwa: "Tuiombee nchi yetu amani." Inakuja baada ya wagonjwa, kabla ya marehemu, kisha mwongozaji anaingia tendo la kwanza la Rozari na sote tunaitikia. Nia hiyo naipenda, na nitaendelea kuisali. Ila naona tumeizoea kiasi kwamba haituumi tena, na kwa maoni yangu Mama Maria anastahili kuambiwa zaidi ya hapo.

Tazama alivyofanya mwenyewe kule Kana. Hakumwambia Mwanae awabariki watu wa arusi kwa ujumla. Alisema, "Hawana divai." Aliangalia meza, akaona kilichopungua, akakitaja. Kisha akawageukia watumishi: "Lo lote atakalowaambia, fanyeni." Mabalasi sita ya mawe yalijazwa maji na mikono ya watu. Kwangu hapo ndipo penye sala yote ya kuiombea nchi: kwanza kusema ni nini hasa hatuna, halafu kukubali kwamba kuna kazi itatuangukia.

Ndugu zetu walokole hutuuliza kwa nini tusiende kwa Yesu moja kwa moja. Tunakwenda. Lakini kama namwomba jirani yangu aniombee mtoto wangu anapougua, sioni ubaya wa kumwomba Mama wa Bwana aiombee Tanzania. Tena Ujiji, ninapopita kila siku, majirani Waislamu wanamheshimu Mariamu kuliko wengine wengi, na Kurani ina sura nzima yenye jina lake.

Tukifika kwenye Litania, sala ya kumwita Maria kwa majina yake mengi, tunasema "Malkia wa Amani, utuombee" bila kukumbuka ilikotoka. Papa Benedikto wa 15 aliagiza iongezwe tarehe 5 Mei 1917, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imemshinda kila msuluhishi. Siku 8 baadaye, tarehe 13 Mei, watoto watatu wa Fatima walisimulia kwamba wamemwona Bikira Maria. Vita hiyo hiyo ilikuwa imepita hapa kwetu. Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia kutoka Kongo wakaichukua Kigoma, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora. Meli tunayoiita Liemba ilizamishwa ziwani na Wajerumani wenyewe ili isitekwe. Wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu wakibeba mizigo ya vita isiyokuwa yao. Kwa hiyo bibi wa Tabora anapoitamka sala ile, anataja jeraha ambalo nchi yake ililipata pia.

Jambo linalonitia hofu zaidi liko upande wa pili wa mpaka. Tarehe 27 Oktoba 1946 Mfalme Mutara Rudahigwa aliiweka Rwanda chini ya Kristo Mfalme. Mwaka 1981 wasichana wa shule ya Kibeho walianza kusema kwamba wanatokewa na Bikira Maria, na ujumbe walioutoa ulikuwa wa toba. Kanisa liliyatambua matokeo hayo mwaka 2001. Katikati ya miaka hiyo, 1994, Wakatoliki wenye rozari shingoni waliwaua Wakatoliki wengine wenye rozari shingoni, hata ndani ya kanisa la Kibeho. Nchi iliwekwa wakfu, na Mama alilia mbele ya wasichana wale, na bado damu ilimwagika. Anayedhani kuiweka nchi mikononi mwa Maria ni kama kuivisha hirizi, aende Kibeho.

Sisi wa Kigoma hatukuhitaji kusimuliwa habari za majirani. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu imepokea Wakongo tangu 1996. Mwaka 2015 Warundi kwa makumi ya maelfu walijaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, na Liemba ikawa inawabeba kuwaleta mjini. Wengi walikuwa waamini wenzetu, wanajua Litania ile ile.

Halafu ikaja zamu yetu. Uchaguzi mkuu wetu kwa kawaida huangukia Oktoba, mwezi wa Rozari. Mwaka 2025 tulipiga kura tarehe 29, mwezi ukiwa ukingoni, vurugu zikazuka na watu wakafa. Nilisali Rozari siku zile, na nia ilikuwa ile ile ya kila wiki, neno kwa neno. Nilitamani mtu mmoja aseme: tuwaombee waliouawa, na wazazi wao, na wale wanaojua yaliyotokea wapate ujasiri wa kuyasema. Kimya kile kiliniuma kuliko habari zenyewe. Salamu Maria inasema "utuombee sisi wakosefu", na hakuna chama wala kabila lililotolewa katika hilo "sisi". Tungeweza kabisa kuomba hivyo bila kumnyooshea mtu kidole.

Najua jibu nitakalopewa: tusilete siasa kwenye sala. Basi tuusome utenzi wa Maria katika Luka: "Wakuu amewaangusha katika viti vyao vya enzi, na wanyonge amewakweza." Mapadre na masista wanausali kila jioni, na sijasikia mtu akimwambia Maria apunguze sauti.

Msimamizi wa Tanzania ni Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Sikukuu yake ni tarehe 8 Desemba, na kesho yake ndiyo Uhuru. Nawaomba viongozi wa jumuiya zetu, za Kigoma na za Tabora, wakusanye nia kabla ya siku hiyo kwa kupita nyumba kwa nyumba na kuuliza swali moja: hapa hamna nini? Wayaandike majibu kama walivyoyasikia, dawa zahanati, kijana aliyekamatwa, shamba lenye mgogoro, kisha yasomwe kwenye Rozari. Na aliyeitaja zahanati isiyo na dawa aende na wenzake wawili kwa mtendaji wiki inayofuata, halafu aje kutuambia jumuiyani wamejibiwa nini.