Miaka 10,000 ya Google na namba ndogo iliyopuuzwa

Mjadala wowote kuhusu kompyuta za kwanta ukifika kwenye jaribio la Google la mwaka 2019, hukwama kwenye namba moja: miaka 10,000. Ndio muda ambao watafiti wa kampuni hiyo huko Santa Barbara, California, walikadiria kwamba Summit, kompyuta kuu iliyoongoza kwa nguvu duniani wakati ule, ingehitaji ili kufanya kazi ambayo chipu yao ya Sycamore iliimaliza kwa sekunde 200. Makadirio hayo hayakudumu. Siku mbili kabla makala yao haijachapishwa katika jarida la Nature, Oktoba 23, watafiti wa IBM walitoa hesabu yao iliyoonyesha kwamba Summit, ikitumia diski zake na si kumbukumbu ya ndani peke yake, ingeweza kuimaliza kazi hiyo kwa siku mbili na nusu. IBM hawakuiendesha hesabu hiyo, lakini mwaka 2022 Feng Pan, Keyang Chen na Pan Zhang wa Akademia ya Sayansi ya China walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kweli: prosesa za michoro 512, saa 15 hivi. Tangu hapo wasomaji wengi wamehitimisha kwamba jaribio lile lilikuwa tangazo la biashara, na faili likafungwa.

Wanaoshikilia msimamo huo wana hoja nzito, na si haki kuwaita wapinga maendeleo. Kwanza, kazi yenyewe haikuwa na matumizi: saketi iliundwa kwa kuchagua malango, yaani hatua ndogo ndogo za hesabu, kwa bahati nasibu, ikaendeshwa mara nyingi, na kila mara ikatoa mfuatano wa sifuri na moja zipatazo 53. Pili, kusema kwamba kompyuta ya kawaida itachukua miaka kadhaa ni kusema tu kwamba mbinu bora iliyojulikana siku hiyo ingechukua miaka hiyo. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba mbinu bora zaidi haiwezekani. Tatu, na hii ndiyo hoja inayonisumbua zaidi, saketi ngumu kuliko zote hazikuweza kukaguliwa moja kwa moja wakati ule, kwa kuwa kuzikagua kulihitaji hesabu ileile iliyodaiwa kushindikana. Watafiti walilazimika kukagua saketi zilizopunguzwa malango machache, kisha wakakisia kwamba saketi kamili nazo zilifanya vivyo hivyo. Gil Kalai, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu, ameichambua data hiyo kwa miaka na bado hajaridhika.

Hoja hizi zote zinapima jaribio kwa muda wa saa, kana kwamba Google na IBM walikuwa uwanjani wakishindana mbio. Ninaamini kipimo hicho kimetupotezea jambo kubwa zaidi lililomo ndani ya makala ile, na jambo hilo limebebwa na namba isiyovutia mwandishi yeyote wa vichwa vya habari: 0.002.

Namba hiyo ni kiwango cha uaminifu wa matokeo. Kipimo kilichotumika hulinganisha mifuatano iliyotoka kwenye chipu na mifuatano ambayo nadharia ya kwanta inasema ingetokea mara nyingi zaidi. Chipu isiyo na dosari ingepata moja. Chipu inayotoa takataka tupu ingepata sifuri. Sycamore, kwenye saketi zilizoweza kukaguliwa za kyubiti 53 (vipashio vya hesabu vya kompyuta ya kwanta) na mizunguko 20 ya malango, ilipata takriban 0.0022. Kwa maneno mengine, katika kila mara 500 za kuiendesha, ni kama mara moja tu kazi ilifika mwisho bila hitilafu yoyote. Ishara ilikuwa hafifu kiasi kwamba mifuatano milioni moja isingetosha kuitenganisha na sifuri kwa uhakika. Walikusanya milioni 30 kutoka saketi 10 tofauti. Mkosoaji akiisoma namba hiyo husema, na anaeleweka, kwamba mashine inayokosea mara 499 kati ya 500 si mashine ya kujivunia.

Lakini hebu tuangalie namba hiyo imetoka wapi. Saketi kamili ilikuwa na malango 1,113 ya kyubiti moja moja na malango 430 ya kyubiti mbili mbili, kisha kyubiti zote 53 zikasomwa mwishoni. Kwa wastani, yote yakifanya kazi kwa wakati mmoja, lango la kyubiti moja lilikosea asilimia 0.16, lango la kyubiti mbili asilimia 0.62, na usomaji wa kyubiti moja asilimia 3.8. Yeyote mwenye kikokotoo anaweza kufuata. Zidisha 0.9984 kwa nafsi yake mara 1,113, utapata kama 0.17. Fanya hivyo kwa 0.9938 mara 430, utapata kama 0.07. Kwa 0.962 mara 53, kama 0.13. Zidisha majibu hayo matatu, na utapata takriban 0.0015. Hesabu ya wastani peke yake, bila kujali tofauti kati ya lango moja na jingine, inakufikisha jirani kabisa na kile kilichopimwa.

Mtu anaweza kuuliza kuna ajabu gani hapo. Ajabu ni kwamba hakuna kilichozidi. Hali ya kyubiti 53 huelezwa kwa namba zipatazo 2 kwa kipeo cha 53, yaani zaidi ya trilioni 9,000, ambazo kuzihifadhi tu kunahitaji zaidi ya petabaiti 70. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuidhibiti hali ya ukubwa huo katika maabara kisha akaipima dhidi ya nadharia. Palikuwa na wasiwasi halali, na Kalai ni miongoni mwa walioueleza kwa umakini zaidi, kwamba kyubiti zikiunganishwa kwa wingi namna hiyo hitilafu zitaanza kushikana mikono: kosa la hapa litavuta kosa la kule, na mfumo utaporomoka kwa kasi ambayo vipimo vya lango moja moja visingeweza kuitabiri. Kama wasiwasi huo ungekuwa kweli kwa kiwango kikubwa, matokeo yangeanguka chini sana ya makisio. Hayakuanguka. Kutoka saketi ndogo hadi kubwa, uaminifu ulishuka kwa mwendo uleule uliotabiriwa kwa kuzidisha makosa ya vipande vyake kana kwamba kila kosa linasimama peke yake.

Matokeo hayo hayategemei Summit ilihitaji muda gani. Ikiwa ni miaka 10,000, siku mbili na nusu au saa 15, mteremko ule haubadiliki. Hata kazi ya Pan na wenzake, ambayo mara nyingi hutajwa kama msumari wa jeneza la Sycamore, iliwezekana kwa sababu walilenga uaminifu mdogo wa aina hiyohiyo, takriban 0.0037, kwani kuzalisha matokeo safi kabisa kungewagharimu zaidi sana.

Umuhimu wake unaonekana ukikumbuka nadharia ya kusahihisha makosa ya kwanta inadai nini. Nadharia hiyo, ambayo msingi wake ulithibitishwa miaka ya 1990, inasema kwamba kyubiti nyingi zenye kasoro zinaweza kuunganishwa kuwa kyubiti moja imara, mradi makosa yawe chini ya kizingiti fulani na yasiwe yamefungamana sana. Sharti la pili ndilo Sycamore ilitoa ushahidi wake wa mapema. Desemba 2024 timu hiyohiyo ilichapisha matokeo ya chipu ya Willow yenye kyubiti 105: walipoipanua gridi ya kusahihisha kutoka umbali (kipimo cha ukubwa wa gridi hiyo) wa 3 hadi 5 hadi 7, kosa la kyubiti imara lilipungua zaidi ya nusu kwa kila hatua, kwa kigawanyo cha takriban 2.14. Matokeo hayo hayatazamiwi kabisa katika ulimwengu ambamo makosa yanashikana kama Kalai alivyohofia. Na inasikitisha kwamba siku ya kuyatangaza, kampuni iliyaambatanisha tena na makadirio ya muda, safari hii miaka 10 kwa kipeo cha 25. Waliofanya kazi nzuri kiasi hicho walistahili msemaji bora.

Hata hivyo upande wa pili haujanyamazishwa, na makala hiyohiyo ya Willow ina ushahidi wake. Walipotumia msimbo rahisi zaidi, unaosahihisha aina moja tu ya kosa, ili kuona wanaweza kushuka hadi wapi, walikuta sakafu: takriban mara moja kwa saa lilitokea kosa la ghafla lililogusa kyubiti nyingi pamoja. Chipu za awali zilishaonyesha mlipuko wa namna hiyo kutokana na miale ya kosmiki na mionzi ya kawaida ya mazingira. Hayo ni makosa yaliyofungamana, aina ileile iliyokuwa kiini cha hofu ya wakosoaji, ingawa ni machache mno kuliko walivyokadiria na yana vyanzo vinavyoweza kutafutwa.

Kwa kompyuta inayotakiwa kuvunja ufunguo wa RSA (mfumo wa usimbaji unaolinda mawasiliano ya mtandaoni), ambayo italazimika kufanya kazi kwa saa nyingi au siku bila kukosea, tukio moja kwa saa ni mengi. Kwa hiyo kipimo cha kufuatilia katika chipu zijazo ni mara ngapi kyubiti zake hukosea pamoja, na kama namba hiyo inashuka kadiri chipu zinavyokua. Iwapo itagoma kushuka, Kalai atakuwa ameona mbali, na itabidi tukiri kwamba Sycamore ilituonyesha sehemu rahisi ya mteremko. Iwapo itashuka, 0.002 ya mwaka 2019 itakuwa mahali pa kwanza ambapo jibu lilianza kuonekana.