Usisubiri Jumatatu

Mwaka juzi, mwezi wa nne, nilipandisha mzani juu ya kabati la nguo nikaufunika na kanga. Sikutaka kuuona. Nilikuwa nimerudi kutoka Muheza kwenye msiba wa baba mdogo. Siku tisa za chai na maandazi asubuhi, wali mchana, ugali usiku, na katikati kukaa jamvini na wenzangu tukimenya vitunguu na kulia. Nilipofika nyumbani Tabata nikapima. Kilo 4 zilikuwa zimerudi, kati ya 11 nilizokuwa nimezitoa kwa miezi saba ya kutembea alfajiri na kujibana.

Nikasema, basi, nimeshaharibu. Nitaanza tena Jumatatu.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Jumatatu ikafika, ikapita, zikafuata nyingine, na kufikia Septemba nilikuwa na kilo 92. Nilianza safari yote nikiwa na 94.

Nimeifikiria sana ile Jumatano. Msiba ulinirudishia kilo 4, lakini kilo 5 zilizofuata hazikuletwa na msiba. Zililetwa na neno "basi". Na hata zile 4, leo najua hazikuwa mafuta matupu. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu 1 ya akiba hiyo hushika takribani gramu 3 za maji. Mtu aliyejibana kwa miezi akila wali na ugali siku tisa mfululizo, ghala linajaa, na maji yanaingia pamoja nalo. Ningerudi tu kwenye sahani yangu ya kawaida, sehemu ya uzito ule ingeondoka ndani ya siku chache. Sikulijua hilo. Nilitazama namba nikaisoma kama hukumu ya mahakama.

Wanaochunguza tabia za ulaji wanaifahamu hali hii tangu zamani. Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack walichapisha jaribio ambalo baadhi ya wanafunzi wa kike walinyweshwa maziwa mazito yenye sukari, kisha wote wakawekewa aiskrimu wale watakavyo. Wasiokuwa na mazoea ya kujinyima walikula kidogo, maana walishashiba. Wale waliokuwa wakijinyima walifanya kinyume: baada ya kunywa maziwa walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao ambao hawakunyweshwa kitu. Ukitafuta sababu tumboni huioni, iko kichwani. Siku imeshaharibika, kwa hiyo twende mpaka mwisho.

Lililonigusa zaidi ni jaribio la mwaka 2007 la Claire Adams na Mark Leary, huko Marekani. Wanawake walipewa donati, kisha baadhi yao wakaambiwa maneno machache ya upole: kwamba kila mtu hula vitu kama hivyo wakati mwingine, wasijikaripie. Baadaye wote wakawekewa peremende. Miongoni mwa wale wanaojinyima, walioambiwa maneno ya upole walikula peremende chache kuliko wasioambiwa.

Niliposoma hivyo nilikaa kimya. Sisi tumelelewa kwamba anayekosea achapwe ndipo ajifunze. Nimejichapa kwa maneno miaka mingi. Nikila chipsi mayai saa nne usiku najiita mlafi, sina msimamo, sitafika popote, na nikishajiita hivyo nalala nikiwa nimeshakata tamaa ya kesho. Nilidhani ukali ule ndio nidhamu. Kumbe ndio uliokuwa unanirudisha jikoni.

Aliyenifungua macho kwanza, kabla sijasoma chochote, ni nesi mmoja mtu mzima kwenye kliniki ya presha. Nilimwamkia, akaniitikia, akanipima: 150 kwa 95. Akatazama kadi yangu ya nyuma akaona nilivyopungua na nilivyopanda. Nikaanza kujieleza kwamba nitaanza upya, safari hii kweli kweli. Akanikatiza.

"Mwanangu, unakaa wapi?"

"Tabata, mama."

"Daladala likikuharibikia Buguruni ukiwa unakwenda Posta, unarudi Tabata ukalale?"

"Hapana. Nashuka, napanda jingine."

"Palepale?"

"Palepale."

"Sasa hiyo upya unaianza ya nini? Endelea kutokea hapo ulipo."

Nililia kwenye bajaji njia nzima. Nilikuwa nimeanza upya mara nyingi mno, na kila mara nilijihesabia kwamba niko sifuri. Sikuwa sifuri. Miguu yangu ilishajua kutembea kutoka Bima hadi Relini na kurudi bila kuhema. Nilishajua kupika mchicha na matembele kwa kijiko kimoja cha mafuta na vikanoga. Nilishaacha soda. Vyote hivyo havikuzikwa Muheza.

Kuna utafiti wa London wa mwaka 2010 ninaoupenda kwa sababu unasema jambo lilelile la nesi. Watu walijenga mazoea mapya ya kila siku, na kwa wastani mazoea yaliota mizizi baada ya siku 66, ingawa kuna aliyetumia 18 na wengine walikadiriwa kufika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana.

Lakini sitaki mtu asome haya aelewe kwamba mawazo pekee yanapunguza mwili. Hizi kauli za "ukitaka unaweza", zinazogandishwa juu ya picha za watu wenye misuli, mimi zinaniuma. Mwili nao una yake. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, waliwafuatilia watu 50 waliopitia mpango mkali wa kupunguza uzito. Mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado juu kuliko kabla hawajaanza. Maana yake aliyepungua hubaki na njaa zaidi kwa muda mrefu, na akiteleza si kwamba ni mvivu. Wapo wanaonenepa kwa sababu ya dawa wanazolazimika kumeza, wapo wenye matatizo ya tezi. Yupo dada anayetoka kazini saa mbili usiku na hana njia yenye taa ya kutembea. Kumwambia huyo kwamba hana nia ni kumwongezea mzigo. Mtazamo ninaousema mimi ni mdogo zaidi na una kazi moja: ukishateleza, unajiambia nini dakika inayofuata?

Na hapa kwetu dakika hiyo huwa hauko peke yako. Nilipofika kilo 83 mara ya kwanza, shangazi alinishika mkono kwenye shughuli Mbagala, akanivuta pembeni.

"Mbona umekwisha hivi? Una nini, mwanangu?"

"Sina kitu, shangazi. Natembea tu asubuhi."

"Umepima?"

Nilijua anauliza kupima nini. Sisi tuliokua miaka ya 1990 tunakumbuka kukonda kulimaanisha nini mtaani, watu walivyoshusha sauti mtu akipita. Woga ule haujaisha kwa waliozika ndugu zao. Wakati huo huo ukinenepa unaambiwa umenawiri, ndoa imekukubali, mwenzetu mambo yako mazuri. Kwa hiyo mtu anayepungua Dar es Salaam anapambana na njaa yake huku anaowapenda wakimwombea anenepe. Ndipo niliporudisha zile kilo, nikasifiwa. Niliona haya, na nilisifiwa siku hiyo hiyo.

Nilipoanza tena, au tuseme nilipoendelea, nilikwenda kwa shangazi kabla hajaniona barabarani. Nikamwonyesha kadi ya kliniki. Nikamweleza kwamba kwa urefu wangu wa mita 1.62, kilo 94 zinatoa kipimo cha uzito kwa urefu (BMI) cha karibu 36, wakati kiribatumbo huanzia 30. Nikamwambia kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002, ambao watu waliokuwa hatarini kupata kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na hatari yao ikashuka kwa asilimia 58. Kwangu asilimia 7 ni kilo sita na nusu hivi, si kuwa mwembamba kama kijiti. Mama yake, yaani bibi yangu, alikufa na sukari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Tangu siku hiyo akinipakulia ananiuliza kwanza, na hilo limenisaidia kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Sasa nina kilo 81. Presha imeshuka, ingawa dawa bado natumia. Katikati hapo nimeumwa malaria, masika imenifungia ndani wiki mbili, goti limevimba, kumekuwa na harusi tatu za ndugu na pilau lake lote nimekula. Mzani umepanda mara nyingi. Haujarudi juu ya kabati.

Juzi Jumatano mdogo wangu alinipigia simu kutoka Kinyerezi, sauti imemwishia. "Dada, nimekula chapati nne. Nne! Wiki imeshaharibika hii, nitaanza Jumatatu."

Nikamuuliza usiku anapika nini.

"Bado hata sijafikiria."

Nikamwambia achemshe maji, nashuka sokoni kuchukua matembele na dagaa, niko njiani.