Ua la Kwenye Ua, Nusura Liniue Ukweni

Ile sauti ya dakika nne inayozunguka kwenye magrupu nimeshaisikia. Asanteni nyote mlionitumia. Hata shangazi yangu aliyeko Tanga kanitumia, akaweka na vikaragosi vya kulia kwa kicheko. Aliyeirekodi ni mshenga wangu, mtu niliyemteua mwenyewe na kumshonea kanzu kwa pesa yangu. Eti, "Jamaa kapeleka ukweni ua la kwenye ua, likataka kuua ukoo." Haya, maneno kayapanga vizuri. Lakini anaposema niliyachuma makaburini, hapo kanizulia. Na anaposema mti wenyewe siujui, hapo kanitukana.

Mti naujua! Mnaonifuata humu ni mashahidi, mwaka mzima nimewachosha na picha za kile kichaka cha kituo cha basi, hapa Leicester, Uingereza. Hothoni, yaani hawthorn kwa Kiingereza, kijiti cha miiba wanachokipanda kuwa ua. Wenyeji wengine wanauita Mei tu, kwa sababu ndio mwezi wake wa kuchanua.

Machi ya mwaka jana niliaibika, nakiri. Nilipiga picha ya kichaka kimoja cheupe pe, nikaandika "Hothoni imechanua", mkanipa mioyo kibao, kisha mama mmoja akaniuliza kwa upole: majani yako wapi, mwanangu? Nikatazama. Hakuna. Kumbe ule ni mwiba mweusi (blackthorn), jamaa yake, unaotoa maua kwenye kijiti kitupu kabla ya jani hata moja. Hothoni hutanguliza majani, vijani vidogo vilivyokatwakatwa kama giligilani, maua yanafuata baadaye. Iliniuma. Oktoba nikarudi kwa kisasi: hothoni ina vitunda vyekundu, nyama yake ungaunga, ndani kokwa moja (ipo hothoni nyingine yenye kokwa mbili au zaidi, msinianze). Mwiba mweusi nao una tunda la buluu iliyokolea kama zambarau. Mtoto wa Tanga akiona zambarau anafanya nini? Nikalitia mdomoni. Ndugu zangu, bibo bichi lina huruma. Ulimi ulinikauka mpaka nikashindwa kumsalimia mtu. Januari, miti imebaki mifupa mitupu, nikasimama kwenye baridi nakagua miiba: kwenye hothoni kichipukizi kinakaa chini, pembeni ya mwiba, kwenye mwiba mweusi vichipukizi vimepanda juu ya mwiba wenyewe. Dereva wa basi alinisimamia mara tatu akidhani ni abiria.

Kwa hiyo mti nimeujua kwa macho, kwa ulimi, na kwa kidole kilichotoka damu. Kiungo kimoja tu nilikisahau. Pua. Kila Mei aleji ya chavua inaniziba pua zote mbili, napumulia mdomo kama samaki wa kwenye ndoo. Hilo liwekeni akilini.

Sasa Jumamosi. Siku ya kwenda kujitambulisha. Wakwe ni watu wa Mombasa, baba ni baharia mstaafu, mama ni mpishi ambaye harusi za hapa hazifanyiki bila yeye. Mshenga akasema tusiende mikono mitupu. Dukani waridi pauni ishirini na tano, na mimi nimeshalipa kanzu. Tukapita kituoni. Mti umechanua mpaka majani unayatafuta, petali tano tano, nyeupe, katikati vijinywele vyenye vichwa vya pinki. Bure. Nikakata mzigo mzima, nikaufunga kwa utepe wa boksi la keki. Mshenga alikunja uso kidogo ndani ya gari, nikadhani ni wivu.

Tukapokewa vizuri mno. Shikamoo, marahaba, viatu mlangoni, karibuni. Mama akayasifu maua, akayatia kwenye chombo cha kioo, akayaweka katikati ya meza, jirani na sinia la wali wa nazi na samaki wa kupaka. Na nyumba ya Mswahili Uingereza mnaijua: nje Mei, ndani Kilindini. Hita inawaka, madirisha yamefungwa, mapazia mazito.

Baada ya dakika kama kumi, shemeji mdogo akatazama miguu yangu.

Nikaikunja chini ya kiti. Soksi mpya, lakini mtu akikutazama miguu ukweni, hata wewe mwenyewe unaanza kuitilia shaka. Kisha mama akainuka, akainamia sinia, akanusa. Akamwita binti yake jikoni. Nikasikia kwa mbali, "Huyu changu mimi nimemnunua asubuhi!" Akarudi, akalibeba sinia la samaki bila kusema neno, likaenda zake. Mimi macho yamelifuata mpaka mlangoni. Sielewi kitu. Mimi hewa yangu ni safi kabisa.

Nikaona kimya kimezidi, mzee anajifuta pua kwa leso, mshenga anatazama dari. Nikajiambia, hawa wamenichoka, niwachangamshe. Nikaanza mhadhara. Nikaeleza giligilani, nikaeleza kokwa, nikaeleza habari za miiba. Hakuna aliyeitikia. Basi nikafanya kile ambacho mpaka sasa nikifumba macho nakiona.

Nikalinyanyua chombo kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayepeleka kahawa. Nikapiga hatua tatu kwenye zulia. Nikapiga goti. Nikasema, "Baba, hebu nusa mwenyewe. Hii ndiyo harufu ya Mei."

Mzee ni muungwana. Mgeni akikupa kitu, unapokea. Akavua miwani. Akaegemea mbele, taratibu, ndevu zikagusa petali. Akavuta pumzi, na hakuvuta kidogo, alivuta kama baharia anayepima upepo, kifua kikapanda, mabega yakapanda. Pale juu akasimama. Nikamwona jicho moja linaanza kutoa machozi. La pili likafuata. Pumzi haitoki. Nami nimepiga goti, nacheka, nangoja asifu. Petali moja imemganda kwenye ndevu, chini kidogo ya mdomo. Mwisho akaiachia pumzi yote kwa mpigo, akasema kwa sauti ndogo sana:

"Mwanangu. Humu ndani kimekufa nini?"

Ndipo nikafahamishwa, na binti mwenyewe, simu mkononi, akisoma kwa sauti kama hakimu: ua la hothoni lina trimethilamini, kemikali ileile inayonuka kwenye samaki aliyechina na kwenye mzoga ulioanza kuoza. Nzi huvutiwa nayo, wakaja kuchavusha. Mama akasikia neno "samaki", akageuka kutazama ndoo ya taka. Changu mzima, na tui lake, na ukwaju wake. Alikuwa hana kosa lolote.

Ningeomba mambo yaishie hapo. Ila kengele ikalia, jirani yao, bibi wa Kiingereza wa miaka themanini na kitu, kaleta keki. Kuona maua akagoma kuingia. Akasema utotoni mama yake angemchapa kwa kuingiza Mei ndani ya nyumba, maana ni kukaribisha kifo. Shemeji akatafsiri kwa nguvu, bila kuulizwa. Mama akaanza "Innalillahi". Na babu yao, anayelala ghorofani na masikio hayamsaidii sana, akaita kutoka juu:

"Nani kafa?"

"Hakuna, Babu!"

"Basi mbona yanuka?"

Yaliyobaki ni haya tu. Maua yakatupwa bustanini, madirisha yakafunguliwa, tukala wali na achari huku tumevaa makoti, mshenga akacheka mpaka akatoka nje, na huko nje ndiko alikorekodi ile sauti. Mchumba wangu alininunia siku mbili. Jana kapokea simu, kaniita "Mzoga", lakini kapokea.

Na kwa wale mnaouliza kama posa imekufa: baba mkwe kamwambia mshenga turudi mwezi ujao. Nije na changu wa kilo tatu kwa ajili ya mama. Na maua yatoke dukani, risiti aione kabla sijavuka kizingiti.