Kijiko cha kukodi: grisi alipe nani?

Pita asubuhi kwenye saiti yoyote ya Kigamboni au Mbezi, mtazame opereta wa kijiko, ile mashine ya kuchimbia yenye mkono na ndoo, anavyoianza siku. Mmoja anaizunguka mashine, anapima oili, anapiga grisi pini za mkono na ndoo. Mwingine anapanda, anapiga stata, anachimba.

Huyu wa pili si mzembe tu. Mashine ya kukodi inalipwa kwa saa, mkandarasi anakimbizana na masika, tajiri, yaani mwenye mashine, anasubiri hesabu. Nusu saa ya grisi haimo kwenye malipo ya mtu. Wapo pia matajiri wanaosema kijiko kilichoingia nchini kikiwa mtumba hakistahili spea za bei: kipigishwe kazi, kikichoka kiuzwe. Kwenye pampu ya haidroliki, inayosukuma oili ya kuendesha mkono, nawaelewa. Kufunga pampu mpya kwenye mashine inayonyemelewa na wanunuzi wa vyuma chakavu ni kuchezea hela.

Ila grisi si pampu. Pini ikikauka inakula bushi, ile bomba fupi ya chuma inamozungukia, bushi ikiisha tundu lenyewe linapanuka, na hapo ni kuchomelea na kuchonga upya. Miguuni ndiko hela inakopotelea zaidi: kwa mashine ya minyororo, rola, sproketi (gurudumu la meno linalovuta mnyororo) na minyororo yenyewe huweza kumeza karibu nusu ya gharama zote za matengenezo. Tope la bonde la Msimbazi likilala humo likakauka, rola inagoma kuzunguka na mnyororo unaisaga upande mmoja. Dawa yake ni koleo, jioni, kabla tope halijashika.

Kuna na utunzaji wa uongo. Injini yenye turbo inataka dakika tatu hadi tano za kupoa kabla ya kuzimwa. Basi wengine huiacha ikinguruma muda wote wa chakula cha mchana. Mita inahesabu saa, sevisi ya kila saa 250 inawahi, dizeli inateketea, na tajiri anaambiwa mashine inatunzwa!

Mimi ningeiweka nusu saa ya asubuhi kwenye mkataba, ilipwe kama saa ya kuchimba. Mkandarasi atauliza kwa nini agharamie mashine isiyo yake. Asubiri siku hozi, mpira wa kupitishia oili, iliyochakaa bila kukaguliwa ipasuke saa tano asubuhi, na tipa sita za kukodi zimepanga foleni nyuma ya kijiko.