Tsunami ya Matuta ya Mwenge

Kwanza nisikilizeni mimi, achaneni na ile voisi ya Mudi inayozunguka kwenye magrupu tangu jana, eti jinsi nilivyoaibika na tsunami yangu pale maabara. Mudi hakuwemo ndani ya bajaji, na pale maabara alikuwa mlangoni anatafuna mihogo.

Lile bomba la tope tulilolichomoa chini ya bahari kule Kunduchi, mita moja na nusu, nililileta mimi. Gari la mradi liliharibika, nauli nikatoa mfukoni. Bomba limelala mapajani, ncha zimetokeza huku na huku, dereva ananiuliza kama ni bazuka. Matuta yote mpaka Mwenge tuliyasalimia moja moja.

Sasa jana. Bomba limepasuliwa kwa urefu, nusu mbili ziko mezani, wageni wamezunguka, nami na tochi yangu ya kuonyeshea. (Wadau, nilivaa shati jeupe. Nilipiga pasi.) Nikaona tabaka la mchanga: punje nene chini, laini juu, zimejipanga kwa adabu. Juu yake hakuna mstari hata mmoja, uji mtupu. Kwingine matabaka yamepinda kingo kuelekea chini. Moyo ukanidunda. Nikakohoa kidogo, nikatoa sauti ya taarifa ya habari: "Hii mnayoiona hapa ni alama ya tsunami."

Kimya. Nikanogewa. Nikaongeza kwamba ile ya Desemba 2004 ilianzia Sumatra ikafika mpaka pwani yetu, ila hii, kwa unene huu, ni baba yake. Mgeni mmoja akatoa daftari. AKAANDIKA.

Mzee wa maabara akainama, akachungulia, akanigeukia taratibu. "Mwanangu, hii ilisafiri imesimama au imelala?"

"Imelala, mzee. Shikamoo." Nilishamwamkia asubuhi.

"Marahaba. Kwa gari gani?"

Nikameza mate. "Usafiri wa kawaida tu, mzee."

Mlangoni, mdomo umejaa mihogo: "BAJAJI!"

(We unayecheka huko Tabata, nakuona.)

Mzee hakucheka, na hilo ndilo linaloniuma. Akaeleza kwa upole kabisa: tope la juu limejaa maji, ukilitikisa limelala linavurugika lote, ukija kulisimamisha, punje nzito zinatangulia kutua, nyepesi zinafuata. Ndiyo tsunami yangu hiyo. Na zile kingo zimepinda kwa sababu bomba likididimia, ukuta wake unaliburuta tope la pembeni. Akasema hata enzi za JOIDES Resolution, ile meli ya utafiti ya kuchimba chini ya bahari, waliokuwa wakichomoa tope la mita 9.5 kwa mkupuo mmoja kutoka bahari kuu, yaliwakuta: mawimbi yanapandisha meli na kuishusha, au bomba linagoma njiani, kisha pistoni, kile kizibo cha ndani ya bomba, ikivutwa inafyonza tope la chini na kuharibu matabaka.

"Lakini wao," akamalizia, "hawakupita Mwenge."

Hapo wageni wakaangua kicheko. Yule wa daftari akafuta sentensi yake. Kwa rula.

Baadaye chai, maandazi, nikajifanya nimepigiwa simu. Leo asubuhi nafungua friji ya sampuli, nusu ya bomba ina lebo mpya, mwandiko wa Mudi: "TSUNAMI, KITUO CHA MWENGE." Nimeibandua. Nauli ya bajaji hawajanirudishia. Mhasibu anataka risiti.